Malipo ya Ukame Hayahesabu Mizoga

Gunia lilikuwa la unga, na mzee alilishusha begani taratibu kama anayemshusha mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na masikio ya ng'ombe, yamekauka yakawa magumu kama ngozi ya ngoma, kila sikio na mkato wa ukoo wake. Alikuwa akiyakata kila ng'ombe alipoanguka, akiamini kuwa siku moja serikali ingekuja kuhesabu. Hiyo ilikuwa 2022, kaskazini mwa Kenya. Kijana aliyekuwa akiandikisha watu chini ya mgunga alimwamkia, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mambo mawili tu. "Kitambulisho unacho, mzee? Na laini ya simu iko kwa jina lako?" Kitambulisho kilikuwepo. Laini ilikuwa kwa jina la mwanawe, na mwanawe alikuwa Nairobi. Mzee alilifunga gunia lake kwa kamba ileile, akaondoka.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya yule mwana. Yeye ndiye anayesoma, ndiye mwenye simu ya kuingia intaneti, na ndiye anayepigiwa kila mbuzi wanapoanza kulala chini wasiinuke. Basi nitasema na wewe, kijana wa mfugaji uliye Nairobi, Isiolo au Garissa mjini, na pale inapobidi nitasema na mzazi wako moja kwa moja.

Jambo la kwanza, na mengine yote yanatoka hapo: malipo ya ukame Kenya hayakuundwa kumlipia mtu ng'ombe aliyekufa. Humfikia aliye hai, kwa jina lililoandikwa mapema, kwa kipimo kilichochukuliwa na setilaiti au na mdadisi wa kaunti ambaye hajapata kuiona boma yenu. Mzoga haumo katika hesabu hiyo. Una kazi mahali pengine: mfugo wako akiuawa na simba, chui au fisi, sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu kudai fidia, na hapo ushahidi wa mzoga unahitajika haraka kabla tai hawajamaliza. Ukame hauna fomu ya namna hiyo. Nimewaona watu wenye akili timamu wakipoteza wiki nzima wakipiga picha za mizoga, wakati orodha ya waliohitaji kuandikwa ilikuwa ikifungwa kilomita 40 kutoka hapo.

Ukame wenyewe tunaujua. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Septemba 8, 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Mpaka ulipolegea, mifugo zaidi ya milioni 2.4 walikuwa wamekufa katika kaunti kame. Watu wengi walitarajia kwamba tangazo la namna ile lingefuatwa na lori la pesa. Lililofuata lilikuwa vipande: huku pesa za njaa, kule bima, huku kununuliwa kwa mifugo waliokonda, kule marobota machache ya nyasi. Kila kipande kina mlango wake na mlinzi wake, na aliyebisha mmoja tu alidhani amenyimwa yote.

Mlango unaojulikana zaidi ni HSNP, mpango wa serikali wa kukabili njaa. Ulianza katika kaunti nne, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, baadaye ukafikishwa Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River. Unasimamiwa na NDMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Katika awamu ya pili, iliyoanza 2013, kaya zipatazo 100,000 zililipwa kila miezi miwili ukame uwepo usiwepo, kiasi kilichofika shilingi 5,400, yaani 2,700 kwa mwezi. Hao ndio walioitwa kundi la kwanza. Kundi la pili ni wale walioandikishwa na kufunguliwa akaunti lakini hawalipwi siku za kawaida. Wao huitwa pale setilaiti inapoonyesha kwamba ukijani wa kaunti ndogo yao umeshuka chini ya kiwango cha ukame mkali, na hulipwa kiasi cha mwezi mmoja.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya hadi ndugu wakanuniana. La kwanza, kipimo huchukuliwa kwa kaunti ndogo. Laisamis inaweza kulipwa na Moyale isilipwe mwezi uleule, na hakuna aliyeiba chochote. La pili, pesa hizi hazihesabu mifugo. Mwenye ngamia 40 na mjane mwenye mbuzi wanne, wakiwa wote kundi la pili, hupokea kiasi kilekile. Kwa hiyo usimwambie mzee aende akaeleze amepoteza ng'ombe wangapi. Mwambie aulize: jina langu liko kundi gani, akaunti yangu bado inafanya kazi, na kaunti ndogo yetu imesomeka vipi mwezi huu? Maswali hayo matatu yana majibu. "Mbona serikali imetusahau" halina jibu, na afisa aliyelisikia mara mia tangu asubuhi ameshajifunza kutikisa kichwa tu.

Akaunti iliyolala muda mrefu huweza kufungwa. Simu iliyopotea na laini ikasajiliwa upya kwa jina la mtu mwingine hukataa pesa. Mama aliyechota maji kwenye visima virefu maisha yake yote vidole vyake husagika, mashine ya alama za vidole isimsome. Hayo yote hurekebishika, lakini huchukua wiki, na wiki ndicho kitu usicho nacho ukame ukishaingia. Ukienda nyumbani likizo, kabla ya kuketi uletewe chai, chukua kitambulisho cha baba na cha mama uangalie majina herufi kwa herufi dhidi ya jina la laini na jina la akaunti. "Mohamed" na "Mohamud" ni watu wawili mbele ya kompyuta. Kama mama hana kitambulisho kabisa, shika hilo kwanza kabla ya lingine lolote. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa ule uhakiki wa ziada uliowasumbua wakazi wa kaunti za mpakani kwa miongo mingi, kwa hiyo kisingizio kimoja kimepungua. Uliza pia kama mzee sana au mgonjwa anaweza kuandikiwa msaidizi wa kumpokelea. Na iwapo baba ana wake wawili katika manyatta mbili, thibitisha kila nyumba imeandikwaje. Kuna mke mdogo niliyekutana naye aliyegundua wakati wa njaa kwamba kwa macho ya orodha yeye na watoto wake watano hawakuwepo duniani.

Mlango wa pili ni bima, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo panapoeleweka vibaya zaidi.

Bima ya mifugo kwa setilaiti ilizaliwa Marsabit. Januari 2010 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, waliizindua huko pamoja na kampuni za bima. Aliyeongoza kazi hiyo, Andrew Mude, mwanauchumi Mkenya, alituzwa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka 2016. Wazo lilikuwa rahisi kulisema. Hakuna kampuni inayoweza kutuma mtu akamhesabu kila mbuzi aliyekufa jangwani, basi pima nyasi kutoka angani, na nyasi zikikauka kupita kiasi, lipa. Wajir, ambako wengi walikuwa na shaka na bima kwa sababu za dini, kampuni ya Takaful ilileta mwaka 2013 aina inayofuata sharia, na mwaka uliofuata ikalipa.

Mwanzoni bima hiyo ilikadiria vifo na kulipa baada ya msimu kuharibika. Pesa zilikuja mifugo wameshakufa, na kwa ng'ombe aliyekufa hazikuwa na faida tena. Basi ikabadilishwa: siku hizi hulipa kiangazi kinapoanza, mifugo wakiwa wamekonda lakini wamesimama, ili mwenyewe anunue nyasi, maji na dawa. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyosikika. Mfugaji anayepokea pesa ya bima na kusema "lakini mifugo wangu hawajafa, hii ni ya nini" hajakosewa hesabu. Hiyo ndiyo hesabu. Pesa imefika wakati bado ana kitu cha kuokoa.

Oktoba 2015 serikali ilianzisha mpango wake wa bima ya mifugo, KLIP, ikiwalipia wafugaji wasiojiweza ada yote. Ulianzia Turkana na Wajir, ukaenea kaunti nane, kaya zipatazo 18,000. Februari 2017 kaya zaidi ya 12,000 zililipwa kwa pamoja zaidi ya shilingi milioni 210. Kisha ukaja mradi wa DRIVE mwaka 2022, kwa fedha za Benki ya Dunia, katika Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibuti. Humo mfugaji huchangia sehemu ya ada mwenyewe na iliyobaki hulipiwa. Mimi napenda utaratibu huu wa kuchangia kuliko ule wa bure, ingawa najua utaniletea maneno. Enzi za bure nilikutana na watu waliokuta pesa kwenye akaunti wasijue zimetoka wapi, na msimu uliofuata zilipokosekana hawakujua wamwulize nani. Aliyelipa hata shilingi mia chache hukumbuka, na huuliza.

Sasa hesabu. Bima haihesabu ng'ombe wala mbuzi, inahesabu vipande. Ng'ombe mmoja ni kipande kimoja. Mbuzi au kondoo kumi ni kipande kimoja. Ngamia mmoja ni kipande kimoja na sehemu nne za kumi. Chukua boma yenye mbuzi na kondoo 80, ng'ombe sita na ngamia wanne. Mbuzi ni vipande 8, ng'ombe 6, ngamia 5.6. Jumla 19.6. KLIP ilikata bima ya vipande vitano tu kwa kaya, na kila kipande hakikuzidi shilingi 14,000 kwa mwaka mzima, misimu yote miwili. Kwa hiyo hata mwaka ambao dunia imekauka kabisa, boma hiyo ingepata 70,000 kwa upeo, na kwa robo tu ya mali yake. Mwaka wa kawaida wa ukame, msimu mmoja ukiwa umeharibika kiasi, ni pungufu sana ya hapo. Na malipo yenyewe huanza pale tu msimu unapokuwa miongoni mwa mibaya, kama mmoja katika kila mitano. Msimu mbaya kidogo hauhesabiki.

Mwambie baba hayo kabla hajalipa, kwa lugha ya nyumbani, kwa vijiti chini ikibidi. Mwambie pia bima isichokiona. Haioni mafuriko: mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilizosomba mbuzi Garissa, Tana River na Mandera zilikuja na nyasi tele, na setilaiti iliona kijani. Haioni sotoka ya mbuzi, homa ya mapafu wala wezi. Haioni boma yako, inaona eneo lote, kwa hiyo bonde lenu likikauka na mabonde jirani yakapata manyunyu, mnaweza kukosa. Na kundi la fora, lile la malisho ya mbali, lililohamia kaunti nyingine husomwa pale ulipoliandikisha, si pale linapokula. Kwa hiyo bima ni tegemeo moja kati ya mengine. Anayekuuzia akiahidi zaidi ya hapo, mwombe aandike.

Dirisha la kukata bima hufunguliwa kabla ya mvua: Januari na Februari kwa msimu wa mvua ndefu, Agosti na Septemba kwa mvua fupi. Mvua ikishaanza kukosa umechelewa, maana hakuna akatiaye nyumba bima ikishashika moto.

Tuseme pesa imeingia. Simu ya baba imelia, ujumbe unasema shilingi 30,000. Siku hiyo ndiyo ya hatari kuliko siku zote za ukame, kwa maana kila mtu ana shauri. Kuna karo, kuna deni la duka, kuna harusi ya binamu. Mimi shauri langu ni moja: kabla ya shilingi kutoka, ketini na uzani wa nyasi.

Robota la kawaida la nyasi za Boma Rhodes lina takriban kilo 15. Mbuzi mzima wa kaskazini, wa kilo 30 hivi, hula karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Akiwa bado anaokota majani na maganda porini, nusu kilo ya nyongeza humvusha. Ng'ombe huhitaji kama mara sita ya mbuzi. Tuseme robota, likishuka kwenye lori lililotoka Meru au Nanyuki, limefika kwenu kwa shilingi 400. Wewe weka bei yako. Shilingi 30,000 ni marobota 75.

Ukiwapa mbuzi na kondoo wote 80 nusu kilo kila siku, marobota 75 yanaisha siku ya 28, na siku ya 29 wote 80 wana njaa sawasawa. Ukiwapa ng'ombe sita kilo tatu tatu, kwa siku 60 wanamaliza marobota 72, pesa yote imekwenda kwa ng'ombe sita na mbuzi hawajaonja. Ukichagua mbuzi 30, ukawapa nusu kilo, kwa siku 60 watakula marobota 60. Yanabaki 15, na nitarudi kwa hayo.

Mbuzi 30 gani? Hapa mtoto wa mjini anyamaze, mama aseme. Ndiye anayemjua aliyezaa mapacha, anayejua titi lipi limekauka na lipi linadanganya. Kwa kawaida ni majike waliozaa mara moja au mbili, wenye meno mazima, na beberu mmoja au wawili. Mbuzi mzee mpendwa wa babu hayumo. Uchaguzi huo unauma, na nimeona wazee wakikataa kuufanya, wakigawa nyasi kwa haki hadi haki ikawamaliza wote. Ngamia waache wajitafutie, midomo yao inafika juu kuliko taabu zetu.

Kama nyasi hazipatikani, okoteni maganda ya mgunga mapema, kabla ya majirani. Maganda ya mti wa mathenge pia hulisha, lakini yasagwe. Yakiliwa mazima kwa muda mrefu huozesha meno, na Wailchamus wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi kibogoyo mbele ya mahakama Nairobi kuwa ushahidi wa madhara ya mti huo. Dawa ya minyoo itolewe mwanzoni mwa kiangazi, mnyama akiwa bado na nguvu. Shilingi ya dawa mwezi wa kwanza inafanya kazi kubwa kuliko shilingi ya nyasi mwezi wa tatu.

Zile 2,700 za HSNP ni kitu kingine kabisa. Msizipeleke kwenye nyasi, ni unga na maziwa ya watoto. Faida yake kwa mifugo ni ya kupitia nyuma: kila wiki ambayo nyumba ina unga wa kununuliwa ni wiki ambayo mbuzi hajauzwa kwa bei ya kutupa. Watafiti waliofuatilia kaya za Marsabit baada ya malipo ya bima ya 2011 walikuta jambo la aina hiyo. Wenye mifugo wengi walipunguza kuuza kwa hasara, na wenye wachache walipunguza kukata milo.

Na wale wasiochaguliwa? Wauzwe, na wauzwe mapema. Hakuna shauri ninalolirudia kama hili na hakuna linalokataliwa zaidi. NDMA hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila moja ya kaunti 23 kame, na hukuwekea hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kisha ahueni. Isome wewe, mpigie mzee. Usimsomee ramani zenye rangi, mtafutie mambo matatu: umbali wa kwenda majini umeongezeka kwa kilomita ngapi, maziwa ya nyumbani yamepungua kiasi gani, na mbuzi mmoja sokoni ananunua kilo ngapi za mahindi ukilinganisha na miezi mitatu nyuma. Hilo la mwisho baba atalielewa kabla hujamaliza sentensi. Likianza kushuka mfululizo na kaunti bado iko kwenye tahadhari, toeni ng'ombe kwanza, hasa maksai na majike tasa, kisha kondoo. Ng'ombe ndiye wa kwanza kuanguka na ndiye wa kwanza kukosa mnunuzi. Wakati hatua imefika dharura, dalali hapigi simu tena. Anakaa barabarani na kungoja.

Hapo ndipo serikali hujitokeza kununua. Mara nyingine Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, yenye kichinjio chake Athi River, hupewa fedha ichukue mifugo waliodhoofika. Mara nyingine huchinjwa hukohuko kijijini na nyama kugawiwa nyumba maskini na shule. Zoezi hilo ni zuri kwa anayelijua mapema, maana idadi kwa kila lokesheni huwa ndogo na hujaa siku moja. Ulizeni kwenye baraza la chifu: wanachukua siku gani, wapi, wanyama wangapi kwa kaya, bei imepangwa au ni ya kupatana, na pesa inalipwa papo hapo au baadaye. Kama ni baadaye, usiondoke bila karatasi yenye idadi, tarehe na jina la aliyepokea. Na msimtembeze ng'ombe dhaifu kilomita 60 kwenda kuuzwa. Atakufia njiani, na mizani haipimi aliyefia njiani.

Kuhusu wizi na makato, nitasema machache. Namba ya siri haipewi mtu, hata anayeitwa mwalimu. Kabla ya kutoa pesa, muulize ajenti ada ni ngapi, na uulize mbele ya watu. Kadi kuachwa dukani kama rehani ni desturi iliyozoeleka, na sitaki kuwatukana wenye maduka kwa hilo: mara nyingi ni wao walioilisha nyumba ile miezi miwili serikali ilipochelewa. Lakini kadi ikae na mama, na deni liandikwe kwenye madaftari mawili, la duka na la nyumbani. Mwenye duka mwaminifu hatakataa.

Jina likikosekana kwenye orodha, usianze na kelele redioni. Anza na chifu, kisha ofisi ya NDMA ya kaunti, na peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu unapoomba taarifa, na isipojibu unaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Barua ya nusu ukurasa inatosha: mimi ni fulani, kitambulisho changu ni hiki, naomba kujua kama niliandikwa, katika kundi gani, na malipo ya mwezi fulani yalikwenda wapi. Nimeona barua ya namna hiyo ikifungua mafaili ambayo maandamano mawili hayakuyagusa. Hapo ndipo wewe uliyesoma unahitajika kuliko pesa unazotuma.

Kuna suala la kugawana. Pesa ikija kwa nyumba kumi katika manyatta ya nyumba 30, zile 20 zitakuja kuomba, na zitapewa. Mipango ya Nairobi huliita jambo hili tatizo. Waborana, ambao kwa desturi yao ya busa gonofa wamewarudishia mifugo waliofilisika tangu kabla ya benki kujengwa Marsabit, hawaoni tatizo lolote hapo. Mimi nasema pangeni kabla. Amueni mapema sehemu ya jirani ni ipi, ili ikitoka isiwe inamegwa kutoka kwenye nyasi za wale mbuzi 30.

Sasa yale marobota 15. Yafunikeni kwa turubai, juu ya mawe, mbali na mchwa, na kila atakayekuja kuyanunua kwa bei maradufu katikati ya ukame aambiwe yameshauzwa. Watu hudhani hatari huisha siku wingu linapopasuka. Usiku wa mvua ya kwanza, mbuzi aliyeponea kiangazi chote akiwa ngozi na mifupa hulowa, baridi humwingia, na asubuhi amelala. Nyasi mpya haijaota, na ikiota siku za mwanzo ni maji matupu, humharisha. Mbuzi 30 wakipewa nusu kilo ni robota moja kwa siku. Wapeni siku 15 za chakula kikavu tumboni, na kibanda chochote cha kuwakinga upepo, hata kama ni turubai lilelile mlilofunikia nyasi, mkiwasogeza wale wachanga katikati.